Ngazi za spini: fuwele inaposahau imetengenezwa na nini

Kuna fuwele moja ya shaba na bromini ambayo ukiipoza mpaka chini ya kelvini 1, yaani kama nyuzi 272 chini ya sifuri ya Selsiasi, alafu ukaanza kuiwekea uga wa sumaku kutoka nje na kuuongeza polepole, haijibu. Tesla 1, kimya. Tesla 3, ambayo ndo nguvu ya mashine za MRI kubwa za hospitali, bado kimya. Unafika tesla 6 ni kama atomu za shaba zilizomo ndani hazijui kabisa kuna sumaku hapo nje. Ukigusa tesla 6.6 inaamka, usumaku wake unaanza kupanda tena kwa kasi, unaendelea kupanda mpaka tesla 14.6, hapo unagonga dari na hauongezeki tena hata ukipeleka sumaku mpaka tesla 30.

Jina lake la kikemia ni (C5H12N)2CuBr4, wenyewe wanaofanya kazi nayo wanaiita BPCB kwa kifupi. Mwaka 2001 watafiti wa huko Florida, Marekani, walitoa vipimo vyake vya usumaku kuanzia kelvini 300 (joto la kawaida tu la chumbani) mpaka kelvini 0.7, na walichosema ni kwamba hii ni ngazi ya spini yenye nguzo mbili, na kwamba pale kwenye 6.6 na 14.6 iko jirani na kitu kinachoitwa nukta ya mpito ya kwantamu. Sentensi hiyo moja imebeba mambo mengi sana na nataka tuifungue taratibu, kwa sababu pale kwenye hizo nukta mbili kuna jambo ambalo mimi naona ni kati ya mambo mazuri kuliko yote kwenye fizikia ya vitu vigumu: fuwele inaacha kuwa shaba na bromini, inaanza kufuata sheria ambayo haina habari na kemia yoyote. Na uzuri huo huo ndo unaoweza kukupoteza, tutafika huko.

Tuanze na shaba. Kwenye fuwele hii kila atomu ya shaba imepoteza elektroni mbili, ikabaki na elektroni tisa kwenye chumba chenye nafasi kumi, kwa hiyo kuna elektroni moja haina mwenzake na hiyo ndo inayofanya atomu nzima iwe kasumaku kadogo. Hako kasumaku ndo tunakaita spini, na ni spini ndogo kuliko zote zinazowezekana, nusu, maana yake ukiipima kwa upande wowote inakupa majibu mawili tu, juu au chini, hakuna katikati.

Sasa spini mbili za shaba zikikaa karibu zinasikilizana kupitia atomu zilizo katikati yao, na kwenye vitu vya aina hii zinapenda kupingana, moja ikielekea juu nyingine inataka chini. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Ila watu wengi wanaishia hapo wakidhani jozi ya juu-chini ndo mwisho wa mambo, na sivyo. Kwantamu inaruhusu hali ambayo si juu-chini na si chini-juu bali ni zote mbili kwa pamoja zimechanganywa kwa usawa, na kwenye hali hiyo spini zote mbili zinafutana kabisa, jumla yake ni sifuri kwa upande wowote utakaopima. Hii inaitwa singleti. Na faida yake si ndogo hata kidogo: ukichukua jozi ya kawaida ya juu-chini unashusha nishati kwa robo ya nguvu inayoziunganisha, ila singleti inashusha robo tatu. Mara tatu! Kwa hiyo spini mbili zikiachwa peke yao kwenye baridi zitaingia kwenye singleti na kutulia humo, na ukitaka kuzitoa lazima ulipe nishati uzipeleke kwenye hali inayofuata juu yake, tripleti, ambapo spini zote zinaelekea upande mmoja.

Shida inaanza pale spini zinapokuwa nyingi. Zipange kwenye mstari mmoja mrefu, kila moja ina jirani wawili, na haiwezi kufanya singleti kamili na wote wawili, lazima igawane. Hans Bethe alilitatua hili swali la mstari mmoja mwaka 1931 kwa hesabu kamili bila kukadiria, na ikaja kueleweka kwamba mstari huo hauna pengo la nishati, maana yake hata ukiusukuma kidogo kiasi gani utajibu, hakuna kiwango cha chini cha kulipa. Alafu mwaka 1983 Duncan Haldane akasema jambo ambalo wengi hawakulikubali mwanzoni, kwamba mstari wa spini nusu hauna pengo ila mstari wa spini 1 unalo. Kumbe yuko sahihi, na kazi zake za miaka hiyo zimo kwenye sababu za yeye kupata Nobel ya fizikia mwaka 2016 pamoja na David Thouless na Michael Kosterlitz.

Ngazi ndo inakuja hapa. Chukua mistari miwili ya spini, isimamishe sambamba iwe nguzo, alafu unganisha kila spini na mwenzake wa upande wa pili iwe vidato. Swali ni rahisi kuuliza: hii ina pengo au haina? Mtu angetegemea kwamba ukiongeza mistari, wa pili, wa tatu, wa nne, utakuwa unasogea taratibu kutoka tabia ya mstari kwenda tabia ya karatasi pana ya spini, hatua kwa hatua. Haiko hivyo. Ngazi ya nguzo mbili ina pengo, ya nguzo tatu haina, ya nne inalo tena (dogo zaidi), ya tano haina. Inaruka ruka kutegemea kama idadi ni shufwa au witiri. Elbio Dagotto na wenzake waliandika kuhusu pengo la nguzo mbili mwaka 1992, na Maurice Rice na wenzake mwaka 1993 wakaonyesha ni oksidi gani za shaba zinaweza kuwa na ngazi hizi ndani yake. Sababu ukiiangalia kwenye kidato kimoja inaonekana wazi kabisa, kidato chenye spini mbili kinaweza kujifuta chote kikawa singleti, kidato chenye spini tatu lazima kibaki na nusu moja isiyo na mwenza, na hizo nusu zilizobaki zikijipanga kwenye urefu wa ngazi zinakuwa ni mstari mmoja tena, ule ule wa Bethe, hauna pengo. Na jambo ambalo mimi linanishangaza zaidi ni kwamba kwa nguzo mbili pengo linakuwepo hata kama vidato ni dhaifu vipi, muunganisho mdogo tu wa kidato unatosha kulifungua.

Hii haikubaki kwenye karatasi. Huko Kyoto, Japani, walikuwa wametengeneza oksidi za strontiamu na shaba kwa kuzipika kwenye mgandamizo mkubwa sana, SrCu2O3 ambayo ndani ina ngazi za nguzo mbili, na Sr2Cu3O5 ambayo ina nguzo tatu. Mwaka 1994 vikatoka vipimo: ya nguzo mbili ukiipoza usumaku wake unazama kuelekea sifuri, pengo kama kelvini 420, ya nguzo tatu usumaku haupotei. Kama nadharia ilivyosema. Naomba tusiipite haraka hii, kwa sababu vitu viwili vyenye atomu zile zile, tofauti ni mstari mmoja wa ziada tu, na kimoja kinakuwa hakina usumaku kwenye baridi na kingine kinabaki nao.

Hapo nimesema kelvini 420 na inabidi nieleze, wanafizikia wa mambo haya wanapima nishati kwa kelvini, yaani wanauliza joto la kiasi gani linatosha kuvuruga kitu. Na uga wa sumaku nao unaweza kutafsiriwa hivyo hivyo: kwa spini ya shaba, kila tesla moja inashusha ile tripleti inayoelekea upande wa uga kwa kama kelvini 1.4. Sasa piga hesabu. Ukitaka kuliziba pengo la kelvini 420 kwa sumaku unahitaji kama tesla 300. Sumaku zinazoweza kukaa zinawaka muda mrefu zinaishia kama tesla 45, na hizo ni mitambo mikubwa inayokula umeme wa kutisha. Kwa hiyo oksidi za shaba zilithibitisha pengo lipo ila hazikuruhusu mtu alifunge alafu aangalie kinachotokea.

Ndo maana fuwele ya BPCB ina thamani. Humo shaba haziongei kupitia oksijeni iliyobanwa katikati yao, zinaongea kupitia atomu za bromini za molekuli jirani ambazo zinakaribiana tu, hazijafungwa kwa muunganisho wa kikemia, na katikati kumejazwa molekuli kubwa za kaboni na naitrojeni (za piperidini) zinazotenganisha ngazi moja na nyingine. Mazungumzo yanakuwa ya chini chini. Vipimo vya 2001 vikatoa nguvu ya kidato kelvini 13.3 na nguvu ya nguzo kelvini 3.8. Kidato kina nguvu kuliko nguzo zaidi ya mara tatu, kwa hiyo picha ya singleti kwenye kila kidato inafaa kabisa.

Hebu tufanye ile hesabu ya haraka, maana ni mojawapo ya hesabu chache za kwantamu ambazo unaweza kuzifanya kichwani. Kuvunja singleti ya kidato kimoja kunagharimu 13.3. Ila tripleti ikishazaliwa haikai pale pale, inaruka kutoka kidato hadi kidato kupitia nguzo, na huko kuruka kunaipunguzia gharama kwa 3.8, inabaki 9.5. Hilo ndo pengo. Gawanya kwa 1.4 unapata kama tesla 6.8, na kipimo kilisema 6.6. Kwa upande wa juu, ili kila kidato kiwe tripleti na kila spini iangalie upande wa uga, unatakiwa kushinda kidato na pia kushinda nguzo mara mbili, 13.3 jumlisha 3.8 jumlisha 3.8, ni 20.9, gawanya kwa 1.4 ni kama tesla 14.9, na kipimo kilisema 14.6. Na hii ni hesabu ya makadirio tu.

Hiyo tripleti inayoruka ruka ina jina, magnoni, na kuanzia hapa ni bora uache kufikiria spini uanze kufikiria magnoni kama chembe. Chini ya tesla 6.6 ngazi ni tupu, hakuna magnoni hata moja (kwenye baridi kamili), kuzalisha moja ni ghali. Uga unapopanda bei inashuka, ikifika 6.6 bei ni sifuri, magnoni zinaanza kuingia zenyewe. Usumaku unaoupima ni idadi ya magnoni zilizomo, hakuna zaidi ya hapo. Ikifika 14.6 kila kidato kina magnoni yake, ngazi imejaa.

Sasa nukta ya mpito ya kwantamu. Mipito tuliyoizoea, maji kuganda, chuma kupoteza usumaku kikipashwa moto, inaendeshwa na joto: joto linapigana na mpangilio, kuna kiwango fulani upande mmoja unashinda. Hapa joto halina kazi, unaweza ukaliweka sifuri kabisa na bado kuna mpito, kwa sababu kinachobadilika ni hali ya chini kabisa ya mfumo wenyewe, kutoka hali tupu isiyo na magnoni kwenda hali yenye magnoni, na kitasa unachozungusha ni uga wa sumaku. Mtu anaweza kuuliza inasaidia nini kama hakuna maabara inayofika sifuri kamili ya kelvini. Inasaidia kwa sababu athari ya nukta hiyo inasambaa juu yake, ukipandisha joto eneo linalotawaliwa na nukta linatanuka kama V, kwa hiyo huhitaji kukanyaga nukta yenyewe, ukiwa juu yake kwenye kelvini 1 unaisikia tayari.

Ndani ya hilo eneo kuna jambo la pekee. Sehemu nyingine yoyote kwenye fuwele kuna viwango vingi vya nishati vinavyoshindana, kuna pengo, kuna kidato, kuna nguzo, na tabia ya kitu inategemea vyote. Kwenye nukta pengo ni sifuri, halipo tena kukupa kipimo, na nguvu za kidato na nguzo ni kubwa mno kulinganisha na joto kiasi kwamba hazionekani moja kwa moja. Kipimo kinachobaki ni joto lenyewe. Kwa hiyo kila kitu lazima kijieleze kwa joto. Ukiwa umesimama kabisa kwenye tesla 6.6 usumaku unafuata kipeuo cha pili cha joto, joto likiongezeka mara nne usumaku unaongezeka mara mbili. Ukiwa pembeni kidogo ya 6.6, kinachojali ni umbali wako kutoka 6.6 ukigawanya kwa joto. Basi. Watafiti wa Florida walifanya hicho kipimo, wakachukua mistari yao ya usumaku ya joto tofauti tofauti, ambayo ukiichora kawaida kila mmoja una umbo lake, wakaigawa kwa kipeuo cha pili cha joto na mhimili wa chini wakaugawa kwa joto, na mistari ikalaliana ikawa mmoja. Na huo mmoja si umbo lililobuniwa ili litoshee vipimo, ni umbo ambalo Subir Sachdev na wenzake walishalikokotoa mwaka 1994 bila kuongelea bromini wala piperidini. Cha fuwele kilichobaki humo ni namba mbili tu, nukta ilipo na uzito wa magnoni.

Kwa nini kipeuo cha pili? Hapa ndo pana utamu wenyewe. Magnoni ni bosoni, na bosoni kwa kawaida hazina shida kurundikana, ungetegemea bei ikifika sifuri zijazane zote mara moja. Ila kwenye kidato kimoja haiwezi kukaa zaidi ya magnoni moja (singleti ikishavunjwa imevunjwa), na ngazi ni nyembamba, magnoni mbili zikikutana haziwezi kupishana, ni kama watu wawili kwenye kichochoro ambacho upana wake ni wa mtu mmoja, kila mmoja anabaki na nafasi yake kwenye foleni. Ukiweka bosoni kwenye hali hiyo zinaanza kufanya kama fermioni, yaani kama elektroni, ambazo hazikubali mbili kuwa hali moja. Pascual Jordan na Eugene Wigner walishaonyesha njia ya kubadilisha moja kwenda nyingine tangu 1928. Na fermioni zikiingia kwenye mstari mmoja kuanzia chini zinajaza nafasi moja moja, idadi yake inapanda kwa kipeuo cha pili cha umbali kutoka kwenye nukta, ndo maana ule mchoro wa usumaku unaanza kwa kunyanyuka wima. Karibu na 14.6 ni yale yale yamegeuzwa, badala ya magnoni chache kwenye ngazi tupu una nafasi tupu chache kwenye ngazi iliyojaa, nazo zinafuata hesabu ile ile. Na katikati, kama tesla 10.6, nusu ya vidato vina magnoni na mchoro unapinda kidogo, tabia ambayo inaelezeka kwa kuchukulia kila kidato ni spini nusu moja mpya.

Nimesema mwanzo uzuri huu unaweza kukupoteza. Miaka ya tisini kulikuwa na kitu kingine cha shaba, Cu2(C5H12N2)2Cl4, ambacho kilisifiwa sana kama ngazi ya mfano, na ukiangalia namba zake unaelewa kwa nini, pengo lilikuwepo, linafungwa kwenye kama tesla 7.5, usumaku unajaa kwenye kama tesla 13.2, michoro ya usumaku inaelezeka kwa ngazi vizuri tu. Watu wakaandika mengi juu yake. Mwaka 2002 vikatoka vipimo vya nyutroni (unarusha nyutroni kwenye fuwele na kuangalia zinavyotawanyika), ambavyo vinaonyesha magnoni inaruka kuelekea upande gani na kwa kiasi gani, na ikaonekana si ngazi, spini zake zimefungamana kwa njia ngumu zaidi kwenye pande tatu. Tatizo halikuwa vipimo vya usumaku, vile vilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba usumaku ni idadi ya magnoni, na idadi haikwambii zimepita njia gani, alafu ukisogea karibu na nukta ya mpito hali inazidi kuwa hivyo, maana pale fuwele inatupa kila taarifa yake ya ndani. Kinachofanya sheria iwe ya wote ndo kinachokufanya ushindwe kujua uko kwa nani. Kwa maoni yangu mtu akikuletea mchoro uliolaliana vizuri na kusema hii ni ngazi, muulize nyutroni zinasemaje.

BPCB iliulizwa hilo swali na ikapita. Kupima kwa nyutroni kuna usumbufu wake, fuwele imejaa haidrojeni na haidrojeni inatawanya nyutroni ovyo kila upande, kwa hiyo wanatengeneza upya fuwele kwa kutumia deuteri, yaani haidrojeni nzito, badala yake, na zinatakiwa fuwele za kutosha kwa sababu nyutroni hazigongi mara nyingi. Kazi zilizotoka kati ya 2008 na 2009, kutoka Uswisi na Ufaransa hasa, zikaonyesha magnoni zinaruka upande mmoja tu, wa nguzo, kwenda pembeni karibu hakuna.

Na zikaonyesha kitu zaidi, kilichoko kati ya zile nukta mbili. Humo ngazi ina magnoni nyingi zinazosukumana, huwezi tena kuzichukulia moja moja, ukiigusa moja umezigusa zote kwa sababu hazipishani. Hali hiyo inaitwa kimiminika cha Luttinger, msingi wake uliwekwa na Sin-Itiro Tomonaga mwaka 1950 na Joaquin Luttinger mwaka 1963, na Haldane yule yule ndo aliyeipa sura ya jumla mwaka 1981. Ndani yake magnoni haidumu kama chembe nzima, inavunjika vipande viwili vinavyoitwa spinoni, kila kimoja na nusu ya spini, vinaachana kila kimoja na njia yake. Kwenye nyutroni unaliona hili, badala ya mstari mwembamba wa nishati unaona wingu pana. Na huko Grenoble, Ufaransa, wakatumia NMR (njia ya kusikiliza usumaku wa viini vya atomu) kuangalia spini zinavyotulia, na hesabu ya Luttinger ikaendana na vipimo kwenye uga wote kutoka nukta moja hadi nyingine bila ya kurekebisha namba njiani, kwa sababu nguvu za kidato na nguzo zilishajulikana na kompyuta inaweza kukokotoa yaliyobaki kwa njia ambayo Steven White aliianzisha mwaka 1992.

Lazima niseme na mipaka yake. Hakuna fuwele yenye ngazi zilizotengana kabisa, katika BPCB ngazi jirani zinagusana kwa nguvu ndogo mno, sehemu ndogo ya kelvini moja, na ukishuka chini ya kama kelvini 0.11 mguso huo unatosha, ngazi zinashikana, spini zinajipanga kwenye pande zote tatu na ule ulimwengu wa upande mmoja unaisha. Kwa juu nako ukifika kelvini chache, joto linalingana na nguvu ya nguzo na sheria ya nukta inafifia. Kwa hiyo hii sheria ya wote ina dirisha lake, kutoka kama kelvini 0.11 mpaka kelvini chache hivi, na ufundi wa kuchagua kitu cha kupima ni kutafuta ambacho dirisha lake ni pana. BPCB ni nzuri kwa sababu nguvu ya nguzo inaipita ile ya pembeni zaidi ya mara mia.

Kuna fuwele nyingine ndugu yake, (C7H10N)2CuBr4, inaitwa DIMPY, bromini hizo hizo na shaba hizo hizo, ila huku mambo yamegeuka, nguzo ndo yenye nguvu, kama kelvini 16, na kidato kama 9.5. Pengo lake ni dogo, linafungwa kwenye kama tesla 3, na kujaa kwake kunachelewa mpaka karibu tesla 30. Ukiiweka jirani na nukta yake ya chini ukapima usumaku kwa makini utapata sheria ile ile ya BPCB, fermioni huru, kipeuo cha pili, mistari inalaliana, na kwa kipimo hicho peke yake hutazitofautisha zaidi ya zile namba mbili. Ongeza uga, zijaze magnoni, ndo zinaachana: kwenye BPCB magnoni zinasukumana, namba inayopima hilo kwenye nadharia ya Luttinger inashuka chini ya 1, kwenye DIMPY zinavutana na namba hiyo hiyo inapanda juu ya 1. Endelea mpaka zikaribie kujaa, na zote mbili zinarudi kwenye 1.